Nyimbo za Santuri na Wenyewe

Kaskazini kabisa ya kisiwa cha Mafia, karibu na rasi ya Mkumbi ambako Wajerumani walijenga mnara wa taa mwaka 1892, kuna kijiji kiitwacho Bweni. Kijiji hiki kina sifa ya mikeka. Wanawake huchana ukindu, huutia rangi, husuka ukili mwembamba mrefu, kisha huushona ukingo kwa ukingo mpaka mkeka ukamilike. Mkeka huo ukipelekwa mjini na kutandikwa barazani, mgeni akiuliza umetoka wapi, ataambiwa, "Huu ni wa Mafia." Akiuliza tena, "Umesukwa na nani?" hapana awezaye kumjibu. Kazi imesafiri, jina la aliyeifanya limebaki nyumbani.

Nimeanza na mkeka, wasomaji, kwa kuwa habari ninayotaka kuwapa ni ya namna hiyo hiyo. Ni habari ya nyimbo zilizotiwa katika sahani za santuri, na ya watu waliozitunga na walioziimba. Ukiusikia wimbo wa zamani ukauliza ni wa nani, utatajiwa jina la mwimbaji. Jibu hilo si la uongo, lakini ni nusu ya jibu. Nusu ya pili ina historia yake, na historia hiyo yaanzia mbali kidogo, kabla ya santuri yenyewe kufika pwani.

Hapo kale, katika vijiji vya mwambao na visiwa vyake, mwenye wimbo alijulikana kwa uso. Penye ngoma palikuwa na manju, naye ndiye aliyetoa wimbo, na watu wakapokea kiitikio. Wimbo ulipopendeza, kesho yake ulisikika kisimani, na penye vinu, na pwani ambako watu walivuta mashua. Mwezi ukipita, mgeni aliyeusikia harusini aliupeleka kwao, akalibadili jina la mtu lililotajwa ndani yake, akaongeza ubeti wake mwenyewe. Hakuna aliyemwita mwizi. Wimbo wa ngoma ulikuwa kama kisima cha mtaa: aliyekichimba hujulikana, na kila mtu huteka. Ila jina la mchimbaji lilidumu kwa kadiri ya umri wa wale waliomjua. Walipokufa wao, wimbo ukawa wa "watu wa zamani", maneno ambayo hayamtaji mtu yeyote.

Palikuwa na tungo za namna nyingine ambazo hazikupatwa na jambo hilo. Tazameni Maulidi ya Barzanji, yasomwayo Mafia kama yasomwavyo Unguja na mahali pengi pa mwambao. Mtungaji wake, Jaafar al-Barzanji, alikuwa mwanachuoni wa Madina katika karne ya 18. Aliishi mbali na pwani yetu, na lugha yake ni Kiarabu. Hata hivyo mtu asiyejua maana ya neno moja la kitabu hicho hulitaja jina la mtungaji kila asemapo, "Leo usiku kuna Barzanji kwa fulani." Jina limedumu kwa sababu maneno yaliandikwa, na kitabu kikambeba mwenyewe pamoja na kazi yake. Basi mtu angetazamia ya kuwa santuri nayo, iliyokuja kuhifadhi nyimbo, ingeifanya kazi ile ile iliyofanywa na kitabu. Haikuwa hivyo. Kitabu kilihifadhi jina la aliyetunga, santuri ikahifadhi sauti ya aliyeimba.

Kwa watu wa Mafia mlango wa nyimbo za mjini ulikuwa Unguja. Kisiwa hiki kilikuwa chini ya Sultani wa Unguja mpaka mwaka 1890, kilipotiwa pamoja na mwambao katika milki ya Wajerumani. Januari 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walikiteka, na mwaka 1922 ndipo kilipounganishwa na Tanganyika. Bendera zilibadilika mara kadhaa, pepo zikabaki zile zile. Kaskazi ilishusha majahazi upande wa kusini, kusi ikayarudisha. Nazi, mbata, samaki wakavu na mikeka vilikwenda mjini, na bidhaa za mjini zikarudi. Chombo kitokacho Unguja kwenda Mafia hukutana kwanza na upande huu wa kaskazini, yaani upande wa Bweni na taa yake. Wala wimbo haulipi nauli. Baharia aliyelala usiku mmoja mjini aliweza kurudi na ubeti mzima kichwani.

Lakini kwa muda mrefu nyimbo zilizosifiwa sana huko Unguja hazikuwa za kuchukuliwa hivyo. Muziki uitwao taarabu ulikuwa kwanza muziki wa nyumba ya kifalme. Yasimuliwa ya kuwa Sultani Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, alimpeleka mtu wake, Mohamed Ibrahim, kwenda Misri kujifunza kupiga kanuni, kusudi arudi awafundishe wengine. Mwaka 1905 chama cha Ikhwani Safaa kikaundwa mjini, nacho kikaendeleza muziki huo kwa vinanda kama udi, kanuni na fidla. Walioimba waliimba Kiarabu. Baharia wa Mafia aliyepita chini ya dirisha aliweza kuupenda mlio, lakini maneno hakuyapata. Na kwa Mswahili wimbo bila maneno ni mchuzi bila chumvi, kwani kwetu muziki ni kipando, na kinachopandishwa ni shairi.

Mtu aliyeufungua mlango huo alitoka kijijini, na kwa hiyo habari zake zafaa zisimuliwe kwa urefu.

Siti binti Saad alizaliwa katika kijiji cha Fumba, kusini ya Unguja, karibu na mwaka 1880. Baba yake alikuwa Mnyamwezi na mama yake Mzigua, nao walikuwa watu walioonja utumwa. Jina alilopewa kwanza mtoto huyo lilikuwa Mtumwa. "Siti" ni jina la heshima alilolipata baadaye, nalo maana yake ni bibi mwenye cheo. Jamaa zake walikuwa wafinyanzi, naye alijifunza kazi hiyo. Alijitwika vyungu akavitembeza kwa kuuza, akinadi bidhaa yake kwa sauti iliyosikika kabla mwenyewe hajaonekana. Yasemwa ya kuwa wanunuzi walimjua kwa sauti hiyo tangu mbali. Hakupata kusomeshwa utotoni, wala hakuwa na jamaa mwenye jina mjini wa kumpokea.

Mwaka 1911 hivi alihamia mjini. Huko mmoja wa wana Ikhwani Safaa aliisikia sauti yake, akaona ya kuwa ni hazina iliyotupwa njiani, akamfundisha kuimba kwa kufuata vinanda. Baadaye alipata wenzake wa kudumu, nao majina yao nawaomba myashike: Subeit Ambar, Buda Swedi, Mbaruk Talsam na Mwalimu Shaaban. Watu hao hawakuwa wapigaji tu wa kumfuata mwimbaji nyuma. Walikuwa wanamuziki kamili na watu wa tungo, na baadhi yao walitia katika sahani nyimbo walizoziimba kwa sauti zao wenyewe.

Siti alialikwa katika majumba ya wakubwa, akaimba Kiarabu kama ilivyotakiwa, na hata Kihindi. Lakini nyumbani kwake, Ng'ambo, upande wa mji waliokaa watu wa hali ya chini, aliimba Kiswahili. Hapo ndipo palipotokea jambo jipya. Muziki wa jumba la kifalme ulivishwa maneno ya watu waliolala juu ya mikeka. Vinanda vilikuwa vile vile, shairi likawa la Kiswahili, lenye mizani na vina vilivyozoeleka, na ndani yake mkaimbwa mambo ya mtaa: mapenzi na hadaa zake, wivu, umaskini, watu wenye fedha wasiokuwa na haya, mahakimu na hukumu zao.

Sifa ilipoenea, husuda ikafuata. Walitokea watu waliotunga wimbo wa kumkumbusha ya kuwa alikuja mjini kutoka shamba, mwuza vyungu, wala hakuwa mtu wa kuhesabiwa. Siti hakwenda kushitaki, wala hakutukana. Aliwajibu kwa wimbo, akisema kwa ufupi ya kuwa sura na ukoo si mambo ya kujivunia, upungufu wa mtu ni kukosa akili. Mimi naona majibizano hayo yaonyesha vizuri kazi ya wimbo katika pwani yetu. Ugomvi ambao kwingine ungeishia kwa fimbo, huku hutiwa vina, na mshindi ni yule ambaye ubeti wake utakumbukwa. Wa Siti umekumbukwa.

Mwaka 1928 kampuni ya santuri ya Uingereza, ile ambayo sahani zake zina picha ya mbwa anayesikiliza kinanda, ilimwita Siti na wenzake waende Bombay, Bara Hindi, kutia nyimbo zao katika sahani. Fikirini safari hiyo. Mwanamke aliyezaliwa utumwani, aliyetembea kwa miguu akiuza vyungu, alipanda meli akavuka bahari kuu kwa sababu ya sauti yake. Tena hakwenda kuimba Kiarabu. Kampuni ilikwisha kutambua ya kuwa katika Afrika ya Mashariki wako watu wengi watakaonunua sahani ya lugha yao wenyewe.

Yafaa tueleze jinsi kazi hiyo ilivyotendeka, kwa maana namna ya chombo iliugeuza wimbo. Zamani kidogo mwimbaji alilazimika kupaza sauti ndani ya pembe kubwa, na nguvu ya sauti peke yake ndiyo iliyotikisa sindano. Tangu mwaka 1925 umeme ukatumika. Sauti huingia katika chombo cha kuinasa, hugeuzwa kuwa mtikisiko wa umeme, na mtikisiko huo huiendesha sindano ichimbe mfereji mwembamba sana juu ya sahani ya nta. Nta hiyo hufanyiwa kalibu ya madini, na kwa kalibu hupigwa chapa sahani nyingi zinazofanana. Sahani zenyewe zilifanywa kwa lakiri, ambayo hutokana na utomvu wa wadudu fulani wa Bara Hindi na nchi jirani, ikichanganywa na unga wa mawe. Kwa hiyo zilikuwa nzito, na zilivunjika kama kigae. Zilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja wa sahani ya kawaida ulichukua dakika tatu hivi, si zaidi sana.

Dakika tatu! Mtu aliyepata kukaa katika taarabu ya usiku ajua ya kuwa katika dakika tatu vinanda huwa ndiyo kwanza vinaanza kuelewana. Wimbo mmoja huweza kuchukua nusu saa. Mwimbaji hurudia mshororo uliopendwa, watu hutoa tuzo, ubeti huongezwa kwa sababu fulani yuko barazani na maneno yanamhusu. Mbele ya chombo hapana fulani, hapana tuzo. Shairi la taarabu kwa desturi huwa na mishororo mitatu kwa kila ubeti, na kila mshororo huwa na vipande viwili vya mizani minane. Likiimbwa kwa utulivu pamoja na vinanda, dakika tatu hazitoshi kwa beti nyingi. Mtunzi alipaswa kuchagua ubeti upi uingie na upi uachwe, au wimbo ugawanywe upande wa kwanza na upande wa pili wa sahani. Hivyo chombo kilikuwa mtunzi wa tatu, nacho hakikujua Kiswahili.

Sahani zilipofika pwani zilinunuliwa kwa haraka. Makampuni mengine, kama Odeon na Columbia, hayakutaka kuachwa nyuma. Katika miaka michache tu Siti na wenzake walitia katika sahani nyimbo zaidi ya 200, na hesabu itajwayo ya sahani zilizouzwa hata mwaka 1931 ni zaidi ya 70,000. Tukumbuke ya kuwa sahani moja haikusikilizwa na mtu mmoja. Aliyekuwa na kinanda alikiweka barazani au mkahawani, na mtaa mzima ukakusanyika. Mtoto aliyekizungusha kwa mkono alikuwa mtu mkubwa usiku huo.

Sasa turudi kwa wenye nyimbo. Katikati ya kila sahani palikuwa na karatasi ya duara, na juu yake paliandikwa jina la kampuni, namba, jina la wimbo na jina la mwimbaji. Nafasi ilikuwa ndogo, na mnunuzi alitaka kujua sauti ni ya nani. Kwa hiyo twasema, "Wimbo wa Siti." Lakini nyimbo hizo zilifanywaje? Siti na wenzake walikusanyika nyumbani kwake jioni, wakazungumza habari za siku ile. Mmoja alileta kisa, mwingine akakitia katika ubeti, wa tatu akasahihisha kina, vinanda vikajaribu mahadhi, na Siti akauchukua wimbo kinywani mwake na kuukamilisha. Tungo nyingine zililetwa na washairi wa mji. Ni kazi ya mikono mingi iliyoshonwa ikawa moja, na mshono wake ni mzuri hata jicho halijui ukili wa huyu umekoma wapi na wa yule umeanza wapi.

Wimbo uitwao Kijiti ni mfano mzuri. Watokana na kisa cha kweli cha Unguja, cha mwanamke mgeni aliyeuawa, na mtu aliyetuhumiwa akatoroka kwenda bara. Shauri lilikwenda mahakamani, nao watu wa mtaa hawakuridhika na mwisho wake. Hapakuwa na gazeti ambalo maskini wa Ng'ambo wangeandika uchungu wao. Waliuimba. Wimbo ule ukatiwa katika sahani, na wale wasiowahi kuliona jengo la mahakama ya Unguja wakaijua hukumu iliyotolewa huko na maoni ya watu juu yake. Sauti ni ya Siti. Uchungu ulikuwa wa mtaa mzima. Nani basi aandikwe katika ile karatasi ya duara? Sidhani kwamba kampuni ilikusudia kumdhulumu mtu. Ilikuwa na nafasi ya jina moja, ikaandika jina lililouza sahani.

Madhara ya desturi hiyo yalionekana wazi baadaye, nyimbo zilipoanza kuleta fedha nyingi. Kila mtu aujua wimbo uitwao Malaika. Fadhili William wa Kenya aliutia katika sahani mwaka 1960 hivi, na kwa sababu hiyo jina lake ndilo lililotangulia kuitwa jina la mtunzi. Miriam Makeba wa Afrika ya Kusini akauchukua, ukaimbwa Marekani na Ulaya na watu wasiojua Kiswahili hata kidogo. Lakini Adam Salim, mtu wa Tanzania, alidai ya kuwa wimbo ni wake, na kwamba aliutunga mwaka 1945, miaka 15 kabla ya sahani ile. Wako na wengine waliodai. Mimi si hakimu wa shauri hilo, wala sitajifanya kuwa ndiye. Nataka tu mlione jambo moja: wimbo huo ungalikuwa umeandikwa na kuwekwa mahali mwaka uliotungwa, pasingalikuwa na shauri. Hakimu wa pekee aliyekuwapo alikuwa sahani, nayo sahani hushuhudia aliyeimba siku ile, na haishuhudii zaidi ya hapo.

Tanzania ilitunga Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki mwaka 1999. Sheria hiyo humtenga mtunzi na mwimbaji, kila mmoja akapewa haki yake, na hata sanaa za jadi za watu zimetajwa ndani yake. Ilikuja miaka 71 baada ya safari ya Bombay.

Je, nyimbo za vijiji vyenyewe, kama Bweni, zilipata nini katika mambo hayo? Kwa upande wa santuri, kidogo sana. Kampuni ilikuwa duka, na duka hutafuta bidhaa itakayonunuliwa Mombasa, Unguja, Dar es Salaam na Tanga kwa pamoja. Wimbo wa harusi ya kijiji kimoja, unaomtaja bwana harusi kwa jina na kumcheka mjomba wake kwa uchoyo, hauna mnunuzi ng'ambo ya maji. Tena ngoma haikai ndani ya dakika tatu. Huanza baada ya sala ya isha, na wachezaji hutawanyika alfajiri.

Zilikuwapo pia nyimbo ambazo wenyewe hawakutaka zitoke. Nyimbo za unyago ni elimu ya wanawake, na kungwi huwafundisha wari ndani, mbali na masikio ya wanaume. Mtaalamu Mwingereza Pat Caplan, aliyekwenda kukaa kaskazini ya Mafia tangu mwaka 1965 na kurudi tena na tena, aliandika habari za jando na unyago wa kisiwa hiki katika makala iliyochapishwa mwaka 1976. Kuandika jinsi sherehe ilivyo ni jambo moja, na kuutoa wimbo wa ndani ukachezwa mkahawani ni jambo jingine. Watu husema ya kuwa nyimbo zisizorekodiwa zimepotea. Nami nasema si zote. Nyingine hazikupotea, zimefichwa, na aliyezificha alikuwa na haki. Hii pia ni namna ya mtu kuwa mwenye wimbo wake, na labda ndiyo namna ya zamani kuliko zote.

Mpaka huo nao ulikuja kuvukwa, lakini ulivukwa na mwanamke aliyekuwa mwenyewe wa elimu hiyo. Fatuma binti Baraka wa Unguja, ajulikanaye kwa jina la Bi Kidude, aliimba nyimbo za Siti, na pamoja na hayo alikuwa kungwi mwenye ngoma yake. Katika uzee wake aliipeleka ngoma ya unyago kwenye majukwaa ya Ulaya, mbele ya wanaume kwa wanawake. Wako waliomlaumu nyumbani. Yeye hakushitushwa na lawama, akaendelea kuimba mpaka alipofariki Aprili 2013. Kama alifanya vema au vibaya, wanawake wa unyago ndio wenye kusema. Sisi wengine tunyamaze.

Vyombo vya kunasa sauti vilikuwa vyepesi kila miaka ilivyopita. Sahani za lakiri ziliondoka, zikaja kanda, na baada ya kanda zikaja simu za mkononi, ambazo kijana aweza kuitia moja mfukoni na kuunasa wimbo wa nyanya yake akiwa ameketi ukumbini anasuka. Hapahitajiki meli ya kwenda Bombay wala ruhusa ya kampuni, na dakika tatu si kikomo tena. Kinachohitajika ni swali moja ambalo karatasi ya duara haikuuliza: "Bibi, maneno haya ni ya nani, nawe uliyapata kwa nani?" Na jibu liandikwe siku ile ile, pamoja na jina la kijiji na mwaka. Ikiwa bibi atasema, "Huu usiutoe nje," basi nalo hilo liandikwe, na usitolewe.

Katika mambo hayo Siti mwenyewe alikuwa na bahati ambayo wenzake hawakuipata. Kabla hajafa alikutana na mshairi Shaaban Robert, ambaye alimsikiliza akisimulia maisha yake, kisha akayaandika katika kitabu, Wasifu wa Siti binti Saad. Kwa kitabu hicho twajua habari za Fumba, za vyungu, na za jina la Mtumwa. Subeit Ambar, Buda Swedi, Mbaruk Talsam na Mwalimu Shaaban hawakuandikiwa vitabu vyao. Twakutana nao wakipita katika kitabu chake yeye. Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950. Mwaka uliofuata, 1951, stesheni ya redio ya Dar es Salaam ilianza kutangaza, na sauti za sahani zikaweza kuvuka hata Mafia bila jahazi. Mtangazaji akiichukua sahani mkononi husoma kilichoandikwa juu yake, na kilichoandikwa ni jina moja.